Nondo wa Manchester na Nondo wa Bagamoyo

Mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya pwani, akiulizwa habari za nondo, aghalabu atamtaja mmoja tu: yule wa Uingereza, mwenye madoadoa meupe na meusi, ambaye vitabu vya biolojia humweleza katika sura ya mageuko ya viumbe. Ataeleza, na pengine ataeleza vizuri, kwamba mwaka 1848 alipatikana mjini Manchester nondo wa aina hiyo aliyekuwa mweusi mwili mzima. Kwamba moshi wa viwanda ulikuwa umeua ukoga mweupe uotao juu ya magome ya miti na kuyapaka magome hayo masizi. Kwamba ndege wakawaona kwa urahisi zaidi wale weupe na kuwala. Na kwamba ilipofika mwaka 1895, karibu nondo 98 katika kila 100 wa aina hiyo waliopatikana Manchester walikuwa weusi. Akiwa hodari atamtaja na Kettlewell, aliyefanya majaribio yake katika miaka ya 1950. Hayo ni elimu nzuri. Lakini mwanafunzi huyo huyo akirudi bwenini usiku, akamkuta ukutani karibu na taa nondo mwenye mabawa ya kijani yanayopitisha mwanga kama kipande cha chupa, hana la kusema juu yake. Atampiga kwa kandambili.

Nondo hao wawili ni ndugu. Wote ni wa familia moja, Geometridae, na ndani ya familia hiyo wote ni wa familia ndogo iitwayo Ennominae. Yule wa Manchester ni Biston betularia. Yule wa bwenini, ikiwa mabawa yake ya kijani yana ukingo mpana wa rangi ya kahawia, yumkini ni wa jenasi iitwayo Zamarada, jenasi yenye zaidi ya spishi 200, ambazo karibu zote ni za Afrika. Ndiyo kusema mtoto wa Bagamoyo hufundishwa kumjua binamu aliye umbali wa maelfu ya kilomita, na jamaa wanaogonga kioo cha taa yake kila msimu wa mvua hawajui hata kwa jina la ukoo.

Hakuna sababu ya kumfukuza nondo wa Manchester darasani. Habari zake zimechunguzwa kwa zaidi ya karne moja, zimepingwa, zikachunguzwa upya, na mwaka 2016 hata badiliko la jeni lililomfanya awe mweusi likabainishwa. Ni mfano wa kufundishia mageuko, na kwa kazi hiyo ubaki. Linalodaiwa hapa ni jambo jingine: utambuzi wa viumbe ufundishwe kwa viumbe wa mahali shule ilipo. Na kwa shule zilizo kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, Kiwangwa na Saadani, ni vigumu kupata kiumbe kifaacho kuliko Zamarada. Sababu yake ni ya pekee. Mtu akishaonyeshwa mara moja, humjua Zamarada papo hapo kuwa ni Zamarada. Lakini kumjua kuwa ni Zamarada wa spishi gani, kwa macho matupu, karibu haiwezekani. Mdudu mmoja humfundisha mwanafunzi yote mawili.

Kabla ya kwenda mbali, neno lenyewe linahitaji kusafishwa. Ukimtajia kijana wa leo nondo, wa kwanza kumjia akilini si mdudu, ni vyuma vya kujengea zege. Kipepeo anamjua, mdudu wa usiku humwita kipepeo wa usiku, au dudu tu. Darasani atafundishwa kwa Kiingereza, na jina la Kiingereza litabaki katika daftari lisikutane kamwe na mdudu wa ukutani. Hata hivyo nondo ni neno la zamani la Kiswahili kwa mdudu huyu, na halina kosa. Kwa familia ya Geometridae, ambayo haina jina linalojulikana kwa watu wengi, lingefaa jina nondo-shubiri, kwa sababu itakayoelezwa punde.

Jina la kitaalamu limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mpima ardhi, na aliyelistahili hasa ni kiwavi, si nondo mzima. Viwavi wengi wana jozi tatu za miguu ya kweli karibu na kichwa, kisha jozi tano za miguu minene ya uongo nyuma: nne katikati ya tumbo na moja mkiani. Kiwavi wa familia hii, kwa kawaida, ana jozi mbili tu za miguu ya uongo, moja katika pingili ya sita ya tumbo na nyingine katika pingili ya kumi, ambayo ni ya mwisho. Katikati ya mwili hana cha kusimamia. Kwa hiyo hawezi kutambaa kama wenzake. Hushika kwa miguu ya mbele, akavuta nyuma yake mpaka mwili ukapinda kama upinde, kisha akajinyoosha tena. Kila aliyemwona mshonaji akipima kitambaa kwa shubiri, kidole gumba kikifuata kidole kidogo, ameuona mwendo huo. Akihisi hatari, kiwavi hushika tawi kwa miguu ya nyuma, akajinyoosha wima bila kutikisika, akawa kijiti. Mwanafunzi anayehesabu miguu ya viwavi kumi waliookotwa katika miti ya shule atajifunza kutofautisha familia bila ya kitabu chochote, na hilo ni zoezi la kipindi kimoja.

Nondo mzima anahitaji uangalifu zaidi. Wakulima wa Tanzania wanamjua nondo mmoja kwa hasara yake, nondo wa viwavijeshi. Huyo ana mwili mnene, na akitua huyakunja mabawa yake juu ya mgongo kama paa la nyumba. Nondo-shubiri walio wengi ni kinyume chake: mwili mwembamba, mabawa mapana kuliko mwili unavyoelekea kuhitaji, na akitua huyatandaza yote manne bapa juu ya ukuta au jani, hata michoro ya bawa la mbele ikaungana na ya bawa la nyuma kana kwamba imechorwa kwa mkono mmoja. Ndiyo alama ya kwanza ya kutazama, nayo huonekana kwa umbali wa hatua mbili.

Alama ya pili imefichika: masikio. Nondo hawa wanayo, na hayako kichwani bali pande mbili za mwanzo wa tumbo, pale tumbo linapoungana na kidari. Kazi yao ni kusikia sauti za popo, sauti kali mno ambazo sikio la binadamu halizipati. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hilo kwa funguo zake. Rundo la funguo likitikiswa kwa nguvu karibu na nondo wanaoizunguka taa, mlio wake huwa na sauti hizo za juu ndani yake, na baadhi ya nondo hugeuka ghafla au hujiangusha chini kama mawe. Si nondo-shubiri peke yao wafanyao hivyo, kwa maana familia nyingine nazo zina masikio mahali pengine mwilini, lakini mwanafunzi aliyeona tendo hilo mara moja hatalisahau.

Sasa Zamarada. Jina hili lilitolewa na Moore mwaka 1887, naye alikuwa akiandika juu ya wadudu wa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Msomaji wa Kiswahili atasikia ndani yake neno zumaridi, na kwa kweli rangi ya nondo huyu inalistahili jina hilo. Mabawa yake yakitandazwa kwa kawaida hupata sentimita mbili hadi tatu na kidogo. Sehemu kubwa ya kila bawa, kutoka shinani hadi zaidi ya nusu, ni ya kijani kinachoangaza, kwa sababu vigamba vya hapo ni haba na mwanga hupenya. Kisha, kuelekea ukingoni, hufuata utepe mpana usiopitisha mwanga, wa kahawia, kijivu au zambarau iliyofifia, na mpaka kati ya kijani na utepe huo aghalabu ni mstari mwembamba wenye mawimbi. Ndani ya kijani, mahali seli ya bawa inapoishia, mara nyingi pana nukta au alama ndogo yenye giza. Kijani cha kioo na ukingo wa udongo: akiwa na viwili hivyo pamoja, mtu hatakosea mara nyingi.

Atakosea wapi? Kwa nondo wengine wa kijani. Ndani ya familia hiyo hiyo imo familia ndogo ya Geometrinae, na katika pwani hii wanaopatikana ni pamoja na wa jenasi Prasinocyma. Hao nao ni wa kijani na hukaa vivyo hivyo, mabawa yakiwa bapa. Lakini kijani chao ni cha jani bichi, chenye kutanda karibu bawa zima, tena ni kijani kisichodumu. Unyevu na baadhi ya dawa za kuulia wadudu hukigeuza manjano, na wengi wamefungua sanduku la vielelezo wakadhani wamekusanya nondo wa rangi ya majani makavu. Asiyeridhika na rangi, na mwanasayansi asiridhike na rangi, atazame mishipa. Katika bawa la nyuma, kutoka mwisho wa seli kuelekea ukingoni, kuna nafasi ya mishipa mitatu ya kati. Kwa Geometrinae yote mitatu ipo, na ule wa katikati umesogea karibu na wa kwanza. Kwa Ennominae, na hivyo kwa Zamarada, mshipa wa katikati haupo. Mahali pake pana mkunjo hafifu tu au hapana kitu. Bawa la nondo aliyekwisha kufa likiloweshwa kwa tone la spiriti na kutazamwa kwa lenzi kutoka chini, mishipa huonekana wazi kwa dakika chache kabla ya spiriti kukauka. Lenzi hiyo ya mkono yenye kukuza mara kumi ni bei ya vitabu vichache, na shule nyingi tayari wanayo kabatini, ndani ya karatasi iliyotoka nayo dukani.

Hapo ndipo urahisi unapokoma. Mwaka 1974, D. S. Fletcher wa makumbusho ya historia ya viumbe mjini London alichapisha uchunguzi wake wa jenasi hii nzima, kitabu cha karibu kurasa 500 juu ya nondo wa aina moja. Aliyekifungua akitumaini kupata picha za mabawa za kulinganisha na nondo wake alisikitika upesi. Mabawa ya spishi mbili zilizo mbalimbali kabisa yanaweza kufanana kama sarafu mbili, na mabawa ya spishi moja yanaweza kutofautiana baina ya mtu na mwenzake. Kinachotenganisha kwa hakika ni viungo vya uzazi vilivyo katika ncha ya tumbo: vipande vigumu vya kahawia, vyenye miiba, kulabu na mikunjo, ambavyo kila spishi inavyo kwa umbo lake. Ili kuviona, ncha ya tumbo hukatwa, hupashwa moto taratibu katika maji yenye haidroksidi ya potasiamu mpaka nyama ilainike, kisha husafishwa kwa brashi ndogo na kutazamwa kwa hadubini. Ni kazi ya kulenga kama ya sonara. Haidroksidi yenyewe huchoma ngozi na macho, basi ishikwe na mwalimu.

Je, mwanafunzi wa sekondari aingizwe katika kazi hiyo yote? Wachache, wa kidato cha tano na cha sita, waweza. Walio wengi haiwalazimu, na hapa ndipo palipo na faida ambayo walimu wengi huiona kuwa hasara. Mwanafunzi aliyekwisha kuthibitisha familia, familia ndogo na jenasi, kisha akaandika kwamba spishi haijulikani, ameandika jibu sahihi. Mitihani imemzoeza kuamini kwamba nafasi iliyoachwa wazi ni kosa. Katika maabara ya utambuzi, kosa ni kuijaza kwa kubahatisha. Na kubahatisha siku hizi kumekuwa rahisi: mtu hupiga picha kwa simu, akaiweka kwenye intaneti, mashine au mtu asiyemjua akamletea jina lenye maneno mawili ya Kilatini, na jina hilo likaanza kutembea. Kwa nondo wengi picha yatosha. Kwa Zamarada, picha nzuri kuliko zote duniani kwa kawaida hufika kwenye jenasi ikasimama.

Wapo watakaouliza nchi inapata nini kwa nondo hao ambao hawali mahindi ya mtu. Swali ni halali, na jibu lake lisiwe la maneno matamu juu ya uzuri wa asili. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, mashamba ya kahawa nchini Kenya yalishambuliwa vibaya na kiwavi wa familia hii, Ascotis selenaria, ambaye zamani alikuwa mdudu wa kawaida asiyetisha. Dawa kali zilizonyunyiziwa mibuni ziliwaua maadui wake wa asili, naye akabaki bila mpinzani. Asiyemjua mdudu kabla ya balaa hataelewa balaa lilipotoka.

Mfano mwingine ni mzuri zaidi, nao unahusu mti unaojulikana hapa. Mgunga wa spishi Vachellia nilotica ulipelekwa Queensland, Australia, mwishoni mwa karne ya 19 ili uwape mifugo kivuli na malisho. Huko ukageuka gugu, ukatanda juu ya mamilioni ya hekta za malisho. Watafiti wa Australia wakarudi Afrika kumtafuta adui wa mgunga huo, na miongoni mwa waliowachukua alikuwa nondo-shubiri, Chiasmia assimilis, kutoka Kenya na Afrika Kusini. Aliachiliwa, akakubali makazi katika sehemu za pwani ya kaskazini ya Queensland, na viwavi wake huko hula majani ya mgunga huo. Sasa ifikiriwe hatari iliyokuwapo. Australia ina mamia ya spishi za akasia zake yenyewe. Kama nondo aliyechukuliwa angekuwa si yule aliyedhaniwa, bali jamaa yake anayefanana naye lakini mwenye kula miti mingine, madhara yasingerudishwa nyuma. Ndiyo maana jina lilitangulia, majaribio ya chakula yakafuata, na kuachilia kukawa mwisho. Mwaka 2001 Martin Krüger alichapisha uchunguzi mkubwa wa nondo wa kundi la Chiasmia katika Afrika, Madagaska na Arabuni, nao pia umejengwa juu ya viungo vile vile vya ncha ya tumbo. Chiasmia, kwa faida ya mwalimu, wanapatikana pwani hii pia: wengi ni wa kijivu au kahawia, na ukingo wa bawa lao la nyuma mara nyingi una pembe katikati.

Baadhi ya viwavi wa Zamarada nao hula majani ya migunga. Kwa spishi zilizo nyingi, mti wanaoula haujaandikwa popote. Hiyo ni kazi ambayo haihitaji hadubini wala fedha. Yahitaji chupa yenye kifuniko cha kitambaa, majani mabichi kila siku, na mtoto mwenye subira ya wiki chache.

Lakini muda haungoji. Misitu na vichaka vya kati ya Dar es Salaam na mto Wami imekuwa ikikatwa kwa mpangilio unaoweza kupimwa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walilinganisha hali ya misitu ya kuzunguka Dar es Salaam mwaka 1991 na mwaka 2005, wakaona ukataji ukisonga nje ya jiji kama mawimbi: wimbi la mbao kwa takriban kilomita 9 kila mwaka, na wimbi la mkaa kwa takriban kilomita 2. Kwanza huondoka mninga na mkongo, kisha miti ya mbao hafifu, na mwisho kila kinachoweza kuwa mkaa. Msitu wa Zaraninge umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na Pande ni pori la akiba. Vilivyo nje ya mipaka hiyo vinategemea bei ya gunia la mkaa. Nondo anayeishi kwa mti mmoja huondoka na mti huo, na kama hakuwahi kuandikwa, hakuna hata wa kuuliza alikwenda wapi.

Pwani ya Bagamoyo haikukosa wakusanyaji. Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyesomea elimu ya wanyama, alikusanya viumbe huku kabla ya kuondoka Bagamoyo mwaka 1890 katika msafara wa Emin Pasha. Hata sandarusi iliyochimbwa ardhini pwani hii katika karne ya 19, utomvu wa kale wa msandarusi uliouzwa ng'ambo kutengenezea vanishi, ilikuwa na vipande vyenye wadudu ndani, na baadhi yake vimo katika makumbusho ya Ulaya hadi leo. Kazi za Fletcher na za wenzake zimesimama juu ya vielelezo vya namna hiyo, vilivyowekwa London na miji mingine ya mbali. Si haki kuwalaumu waliovitunza; laiti wasingevitunza visingekuwapo. Upungufu ni kwamba mkusanyaji hupita, hukaa siku tatu au mwezi, akaenda zake. Shule haipiti. Shule iliyopo Kerege au Kiwangwa itakuwapo pale pale masika na vuli, kaskazi na kusi, na ikiandika kila mwezi nondo waliofika kwenye taa moja, baada ya miaka mitano itakuwa na habari ambazo hakuna msafara wowote uliowahi kuzipata.

Mwalimu atasema hana wakati, na muhtasari wa masomo haumwambii afanye hivyo. Ni kweli kuhusu wakati. Kuhusu uwezo wa watu wa kawaida, hata hivyo, jibu limekwisha patikana mashambani: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanavijiji katika wilaya ya Kilosa walifundishwa kutega na kuhesabu nondo wa viwavijeshi ili wajitabirie wenyewe mashambulizi, nao wakaweza. Kikundi cha sayansi cha shule, chenye wanafunzi kumi na mbili na usiku mmoja kwa mwezi, hakiwezi kushindwa na kilichowezekana kwa wakulima baada ya kutwa nzima ya jembe.

Kuna na pingamizi la huruma, kwamba si vyema kuwafundisha watoto kuua. Lina uzito wake. Wachukuliwe nondo wawili au watatu wa kila sura, wengine waandikwe na kuachwa waende. Taa ya ulinzi ya ua mmoja wa kiwanda huua katika usiku mmoja kuliko kikundi cha shule kwa mwaka.

Atakayeanza achague usiku usio na mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Kaole na Kunduchi hawahitaji kuelezwa sababu, kwa maana mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, na nondo wana tabia hiyo hiyo. Shuka jeupe litundikwe kwenye kamba baina ya miti miwili, mahali palipobaki kichaka, taa ya karabai au balbu iwekwe mbele yake kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, na iwe baada ya mvua za kwanza za vuli au za masika, majani yanapochipua. Ndani ya hifadhi ruhusa ya wenye mamlaka huhitajika. Ua wa shule hauhitaji. Zamarada hutua akiwa ametandaza mabawa, na akitua juu ya shuka, taa ikiwa nyuma yake, kijani chake huonekana kimejaa mwanga na utepe wake ukawa mweusi.

Kila anayehifadhiwa achomwe pini kupitia kidari, mabawa yatandazwe kabla hayajakauka, na chini yake katika pini hiyo hiyo iwekwe karatasi ndogo iliyoandikwa kwa wino usiofutika: Tanzania, Mkoa wa Pwani, Bagamoyo, jina la mtaa au kijiji, tarehe, mwezi na mwaka, kwenye taa, au juu ya mti gani, jina la aliyemkamata. Bila karatasi hiyo mdudu ni pambo tu. Karatasi ya pili, iliyo chini zaidi, huwa na mistari mitatu kwa ajili ya utambuzi. Wa kwanza huandikwa Geometridae, wa pili Zamarada. Wa tatu huachwa wazi, na mwanafunzi atakayekuja kuichunguza ncha ya tumbo, awe wa mwaka ujao au wa miaka kumi ijayo, ataujaza kwa mkono wake na kuweka tarehe.